Ajira katika Tennessee Valley Authority

Tennessee Valley Authority, au kwa kifupi TVA, ni shirika la umma la umeme nchini Marekani lenye makao makuu mjini Knoxville, jimbo la Tennessee. Lilianzishwa kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Franklin D. Roosevelt tarehe 18 Mei 1933. Pamoja na kuzalisha umeme na kuzuia mafuriko, lilitakiwa kuinua hali ya maisha katika bonde la mto Tennessee. Hivyo utoaji wa ajira ulikuwa sehemu ya kazi yake tangu mwanzo.

Utaratibu wa kuajiri

Mwaka 1933 karibu robo ya nguvukazi ya Marekani haikuwa na kazi kutokana na Mdororo Mkuu wa Uchumi. Ili nafasi zisigawiwe kwa upendeleo wa kisiasa, kifungu cha 6 cha sheria ya TVA kiliagiza watu waajiriwe na kupandishwa vyeo kwa sifa na uwezo wao tu. Waombaji wa kazi za ujenzi walifanya mtihani.

Ujenzi wa bwawa la Norris, katika mto Clinch, ulianza Oktoba 1933 na kukamilika 1936. Wafanyakazi waligawanywa katika zamu nne za saa tano na nusu kila moja. Kwa njia hiyo watu wengi zaidi walipata kazi, na muda uliobaki waliweza kuutumia kujifunza ufundi.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia umeme ulihitajika kwa wingi ili kutengeneza alumini ya ndege. Mwaka 1942 wafanyakazi wa usanifu na ujenzi walifikia 28,000, idadi kubwa kuliko zote.

Ubaguzi na uhamisho

Shirika lilikusudia kuajiri Wamarekani Weusi kulingana na idadi yao katika eneo. Hata hivyo wengi wao walipewa kazi za kibarua, na hawakuruhusiwa kuishi katika mji wa Norris uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Chama cha kutetea haki zao, NAACP, kililalamikia hali hiyo katika miaka ya 1930.

Aidha, karibu familia 2,900 zilihamishwa ili kupisha maji ya bwawa la Norris. Wapangaji wasiomiliki ardhi hawakuwa na shamba la kulipwa fidia.

Baada ya ujenzi

Kazi za ujenzi zilikwisha kila bwawa lilipokamilika, kwa kuwa kituo cha umeme wa maji huendeshwa na watu wachache. Ajira zilizodumu zilitokana zaidi na viwanda vilivyofuata umeme wa bei nafuu. TVA yenyewe ilipunguza maelfu ya wafanyakazi mwaka 1988 ili kubana matumizi. Leo umeme wake huwafikia watu wapatao milioni 10 katika majimbo saba.