Mrushaji Tegemeo

Oktoba 1, 2024, katika uwanja wa Camden Yards mjini Baltimore, Corbin Burnes alirusha mpira kwa ngwe nane na kuruhusu mkimbio mmoja tu. Timu yake, Baltimore Orioles, ikafungwa 1-0 na Kansas City Royals. Kesho yake ikafungwa tena na kutolewa kwenye mtoano. Msimu ulipokwisha, Burnes akawa mchezaji huru, na Desemba akasaini mkataba wa miaka sita wa dola milioni 210 na Arizona Diamondbacks. Baltimore ikabaki bila mtu ambaye Wamarekani wana neno moja fupi la kumwita, nasi hatuna. Ninapendekeza tumwite mrushaji tegemeo. Sababu zangu zimo ndani ya mchezo wenyewe, na zaidi zimo katika yale ambayo klabu hupitia inapomtafuta mtu huyo.

Kwanza mchezo. Besiboli huchezwa kwa ngwe tisa. Neno ngwe limo tayari katika kurasa zetu za michezo, ambako kila shabiki anaijua ngwe ya lala salama, na asili yake ya shambani inafaa vilevile, maana ngwe ni kipande cha shamba anachopewa mtu akilime mpaka akimalize. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji na kurusha mpira kuelekea kwa mdakaji. Mkimbio hupatikana mchezaji anapozunguka vituo vyote vinne na kurudi alikoanzia. Neno hilo tumelizoea kwenye kriketi, na sioni haja ya kuunda jingine.

Mrushaji wa kuanzia ndiye anayefungua mchezo. Siku hizi hurusha mara 90 hadi 100 hivi, kisha hupumzika siku nne au zaidi kwa sababu mkono hauwezi kufanya kazi hiyo kila siku. Kwa hiyo klabu huwa na warushaji wa kuanzia watano wanaopeana zamu. Anayeingia baada yao nisingemwita mrushaji wa akiba, ingawa neno hilo ndilo linalokuja haraka. Akiba hukaa benchi kumsubiri mkubwa wake achoke au aumie, lakini huyu ni fundi wa kazi yake, na kuna wanaolipwa fedha nyingi kwa kurusha ngwe moja tu, ile ya mwisho. Mrushaji mpokezi linamfaa zaidi, kwa kuwa anapokea kazi iliyokwisha kuanza, kama mbio za vijiti zilivyokwisha kutufundisha.

Sasa, katika wale watano yupo mmoja aliye bora. Kila klabu ina mrushaji namba moja, lakini ni klabu chache zenye mrushaji tegemeo. Hapo ndipo istilahi yetu inapojaribiwa. Machi 2025 Baltimore ilimpa Zach Eflin mchezo wa kufungua msimu. Alikuwa namba moja yao siku hiyo, lakini kwa uwezo hakuna aliyemweka daraja moja na Burnes, mshindi wa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, ya mwaka 2021, ambaye katika msimu wake wa Baltimore alirusha ngwe 194 na ushei kwa wastani wa mikimbio 2.92 katika kila ngwe tisa. Tukitafsiri cheo hicho kwa namba, tutakuwa tumetaja foleni tu na kuuacha uwezo nje.

Neno la Wamarekani, ace, limetoka kwenye karata. Wapo wanaosimulia kwamba lilitokana na Asa Brainard, mrushaji wa Cincinnati Red Stockings, timu ya kulipwa iliyomaliza mwaka 1869 bila kufungwa hata mchezo mmoja. Simulizi hiyo inapendwa, ila karata ndizo zenye ushahidi mzito. Nasi karata hiyo tunayo, ni ree. Nimeipima ree kwa muda mrefu kwa sababu ni neno letu na lina utamu wake. Kinachoniondoa kwayo ni kwamba ree haichoki. Haiumii kiwiko, wala haihitaji siku nne za kupumzika. Nguzo nayo imebeba uzito wa nyumba usiku na mchana, na mrushaji huyu anaonekana mara moja katika siku tano. Nyota ni jina la kila anayeng'ara, hata mpigaji.

Tegemeo lina kitu ambacho maneno hayo hayana. Linamwelekea mchezaji, na papo hapo linawaelekea wanaomwangalia. Mtu hawi tegemeo peke yake. Huwa tegemeo la wenzake. Ndani yake mna hofu pia, kwa kuwa anayemtegemea mtu anajua kitakachotokea mtu huyo asipokuwapo. Waandishi wetu wa soka wamekuwa wakiandika mshambuliaji tegemeo na kipa tegemeo kwa miaka, na msomaji haulizi maana. Kwa nini tumtafutie mrushaji neno geni? Watoto wa Lugazi, Uganda, walishacheza mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport mwaka 2012, wakiwa timu ya kwanza kutoka Afrika kufika huko. Mchezo uko jirani, na maneno yake yanatakiwa kuwa tayari.

Turudi Baltimore. Msimu wa 2023 Orioles walishinda michezo 101, kisha wakatolewa na Texas Rangers kwa kufungwa mitatu mfululizo. Michezo 162 ya msimu wa kawaida huweza kubebwa na warushaji watano wa wastani na wapigaji wazuri. Mtoano ni tofauti. Michezo ni michache, siku za mapumziko zinaongezeka, na klabu yenye mrushaji tegemeo humrudisha uwanjani mara mbili katika mfululizo mmoja. Ndiyo maana Februari 1, 2024, Baltimore walimchukua Burnes kutoka Milwaukee Brewers kwa kuwapa wachezaji wawili vijana, DL Hall na Joey Ortiz, pamoja na nafasi moja katika uteuzi wa chipukizi.

Shughuli hiyo huandikwa kwa Kiswahili kuwa mchezaji ameuzwa, na hapo msomaji anapotea. Mauzo ya soka huacha fedha mezani, na mchezaji lazima akubali mkataba mpya. Katika besiboli ya Marekani kinachohama ni mkataba uleule, na malipo yake ni wachezaji wengine. Mchezaji aliyebadilishwa huamka akiwa mali ya mji mwingine, na mara nyingi hakuulizwa. Kubadilishana ndilo neno sahihi, na nomino yake, mabadilishano, haina kosa. Milwaukee walijua kwamba Burnes alibakiza mwaka mmoja tu kabla ya kuwa huru. Walichagua kupokea vijana kuliko kumwona akienda zake, na Ortiz akawa mchezaji wao wa kila siku msimu huohuo.

Neno huru ndilo linalonigusa zaidi katika orodha hii yote. Kwa karibu miaka mia moja mchezaji wa besiboli alifungwa na kifungu cha mkataba kilichoiruhusu klabu kumshika mwaka baada ya mwaka, na mwisho wake haukuwapo. Oktoba 1969 St. Louis Cardinals walimbadilisha Curt Flood kwenda Philadelphia. Flood, Mmarekani mweusi aliyekuwa ameichezea St. Louis miaka 12, alikataa, akaandika kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa. Alikwenda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, akashindwa mwaka 1972, na maisha yake ya uwanjani yalikuwa yamekwisha. Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba warushaji wawili waliomaliza mwaka bila kusaini mkataba wako huru. Mmoja alikuwa Andy Messersmith. Wa pili alikuwa Dave McNally, ambaye kabla ya kubadilishwa kwenda Montreal alikuwa tegemeo la Baltimore, mmoja wa warushaji wanne wa Orioles walioshinda michezo 20 au zaidi kila mmoja mwaka 1971.

Kwa hiyo tunapoandika mchezaji huru hatutafsiri tu lugha ya mikataba. Kiswahili kinajua huru ni kinyume cha nini, na Flood alikuwa anazungumzia hichohicho. Siku hizi mchezaji hupata uhuru huo baada ya miaka sita ya utumishi katika ligi kuu, kama mkataba wake umekwisha. Kabla ya kuondoka, klabu yake inaweza kumwekea mezani mkataba wa mwaka mmoja kwa kiwango kinachopangwa kila mwaka, ambacho mwaka 2024 kilikuwa dola milioni 21.05. Akiukataa na kwenda kwingine, klabu hupewa nafasi ya ziada katika uteuzi wa chipukizi. Nimeona ofa hiyo ikiitwa ofa ya kufuzu, tafsiri isiyoeleza nani anafuzu na anafuzu nini. Ofa ya fidia inatosha. Burnes aliikataa, na Baltimore wakapata fidia yao.

Kipindi hicho cha usajili soko lilikuwa limejaa. Max Fried alikwenda New York Yankees kwa miaka minane na dola milioni 218. Blake Snell alikwenda Los Angeles Dodgers kwa miaka mitano na milioni 182. Boston Red Sox hawakusubiri mtu huru. Waliwapa Chicago White Sox chipukizi wanne wakamchukua Garrett Crochet, kisha wakamfunga kwa mkataba wa miaka sita wa milioni 170. Yankees na Red Sox wako kundi moja na Baltimore, kwa hiyo wapinzani wawili waliongezewa nguvu papo hapo.

Njia ya Japani nayo inadai istilahi yake. Zamani klabu ya Japani ilipokubali kumwachia mchezaji wake, klabu za Marekani zilipeleka dau kwa siri, na yenye dau kubwa ndiyo pekee iliyoruhusiwa kuzungumza naye. Huo ulikuwa mnada, na mnamo 2006 Boston walilipa dola milioni 51.1 kwa haki ya kuzungumza tu na Daisuke Matsuzaka. Utaratibu huo umefutwa. Leo klabu zote huzungumza na mchezaji kwa siku 45, na klabu yake ya zamani hulipwa sehemu ya mkataba atakaosaini: asilimia 20 ya milioni 25 za kwanza, 17.5 ya milioni 25 zinazofuata, na 15 ya zinazobaki. Yoshinobu Yamamoto aliposaini na Dodgers mkataba wa milioni 325 Desemba 2023, Orix Buffaloes walipata zaidi ya milioni 50. Kuendelea kuuita utaratibu huu mnada ni kupotosha. Kuachiwa kwa ada ndiko kunakotendeka.

Sheria ya umri inabadili hesabu kabisa. Roki Sasaki aliachiwa akiwa na miaka 23, na kwa kuwa hakufika 25 alihesabiwa kama chipukizi wa kimataifa, akasaini na Dodgers Januari 2025 kwa bonasi ya milioni 6.5. Kila klabu ingeweza kumudu bei hiyo. Kilichoamua ni moyo wa kijana mwenyewe.

Baltimore walikwenda Japani pia, lakini kwa Tomoyuki Sugano wa Yomiuri Giants, mwenye miaka 35, aliyekuwa ametimiza miaka yake na hivyo hakuhitaji ada. Walimpa mkataba wa mwaka mmoja wa milioni 13. Mkataba mwingine wa mwaka mmoja, wa milioni 15, walimpa Charlie Morton, mwenye miaka 41. Wote wawili ni watu waliojijengea heshima katika mchezo huu. Hata hivyo, mikataba miwili ya mwaka mmoja haimzai tegemeo. Klabu iliyoshinda michezo 101 mwaka 2023 ilishinda 75 mwaka 2025, ikamaliza mkiani mwa kundi lake, na kocha Brandon Hyde akafukuzwa Mei.

Hapa haki inadai niseme jambo la upande wao. Juni 2025, baada ya kuanza michezo 11 tu kwa Arizona, Burnes alifanyiwa upasuaji wa kiwiko, ule uliofanywa kwanza na daktari Frank Jobe kwa mrushaji Tommy John mwaka 1974. Upasuaji huo humweka mrushaji nje mwaka mmoja au zaidi. Milioni 210 zikawa zinalipwa kwa mkono uliofungwa bandeji. Hofu iliyomo ndani ya neno tegemeo ndiyo hiyo, na klabu zinazokataa mikataba mirefu zinaiogopa kwa sababu za kweli. Nami bado naona Baltimore walikosea. Walikuwa na hazina ya vijana ambayo klabu chache zilikuwa nayo, na mwenye vijana wengi anaweza kubadilishana bila kujifunga miaka sita.

Njia inayobaki ni kumkuza wa kwao. Jim Palmer alicheza misimu yake yote 19 Baltimore na kushinda michezo 268. Katika kizazi hiki aliyekaribia cheo hicho ni Kyle Bradish, ambaye hakuteuliwa na Baltimore bali alipatikana akiwa chipukizi mwaka 2019, klabu ilipombadilisha Dylan Bundy, mrushaji ambaye yeye mwenyewe aliwahi kutarajiwa kuwa tegemeo. Mwaka 2023 Bradish alikuwa miongoni mwa warushaji bora wa American League. Juni 2024 naye alifanyiwa upasuaji wa kiwiko, miezi minne tu baada ya Burnes kufika, na wawili hao hawakupata kurusha pamoja hata katika mtoano mmoja. Bradish alirudi uwanjani mwishoni mwa Agosti 2025.