Siasa za Florence Huko Jehanamu

Katika karne ya 13, siasa za Florence, Italia, ziliwagawa watu kati ya Waguelfi, waliomuunga mkono Papa, na Waghibelini, wafuasi wa Kaisari. Waguelfi walipowashinda mahasimu wao walianza kugombana wenyewe kwa wenyewe: Weupe na Weusi. Dante Alighieri alikuwa Mweupe. Mwaka 1302 Weusi walimfukuza mjini, kisha wakaamuru achomwe moto akikamatwa. Naye akawawashia wa kwake kwa kalamu.

Katika Divina Commedia, shairi lake kuhusu safari yake huko Jehanamu, Farinata, kiongozi wa Waghibelini, anachomoza kutoka kaburi linalowaka, na swali lake la kwanza ni ukoo wa Dante. Yaani, wewe chama gani? Linalomuuma kuliko moto ule ni kusikia kwamba watu wake wameshindwa kurudi mjini. Adui yake mwingine, Papa Bonifasi VIII, alileta tatizo la kalenda: safari ya shairi ni ya mwaka 1300, naye alifariki 1303. Dante akamwekea nafasi Jehanamu mapema. Papa Nikolao III, aliyechomekwa shimoni kichwa chini, nyayo zikiwaka, anamdhania mgeni kuwa ndiye Bonifasi na kushangaa mbona kawahi.

Mwaka 2008 baraza la jiji la Florence lilipiga kura kumfutia Dante hukumu yake. Wapo madiwani waliopinga.