Watoro wa Rabai

Waafrika vijana walioletwa Mombasa mwaka 1864 walitoka India, ingawa India haikuwa kwao. Walikuwa wametekwa bara wangali watoto, wakapakiwa majahazini, kisha manowari za Waingereza zikayakamata majahazi hayo baharini. Kwa kuwa pwani yetu haikuwa na mahali pa kumweka mtumwa aliyeokolewa pasipo kukamatwa tena, watoto hao walivushwa hadi Bombay. Baadhi yao waliingizwa katika shule ya Sharanpur, karibu na Nasik, iliyoendeshwa na shirika la wamisionari la CMS. Humo walijifunza kusoma na kuandika, useremala na uhunzi, na humo wakabatizwa. Kati ya waliorudi walikuwamo William Jones, Ishmael Semler na George David.

Kazi iliyowangoja ilikuwa Rabai, kwenye vilima nyuma ya Mombasa. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alikuwa amefika Mombasa mwaka 1844, na miezi michache baadaye akamzika mkewe Rosina pamoja na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846, yeye na mwenzake Johannes Rebmann walipewa ruhusa na wazee wa Warabai kukaa miongoni mwao. Mavuno yalikuwa haba mno. Mkristo wa kwanza, Mringe, alikuwa kilema aliyebatizwa mwaka 1851 akiwa karibu kukata roho. Baadaye akaja Abe Ngoa. Krapf aliondoka kwa ugonjwa, naye Rebmann akabaki, mwaka baada ya mwaka, hata macho yakapofuka.

Kanisa la watu wachache namna hiyo lingeweza kubaki hivyo hivyo kwa vizazi. Lililolikuza ni jambo ambalo hakuna mmisionari aliyelipangia: biashara ya utumwa ilianza kufungwa baharini huku utumwa wenyewe ukiendelea nchi kavu. Mwezi wa Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Mashamba ya Malindi, Takaungu na Mombasa yaliendelea kulimwa na watumwa, na kisheria mwenye mtumwa alibaki kuwa mwenye mtumwa hadi mwaka 1907.

Ili kuwapokea walionusuriwa majahazini, William Salter Price, aliyekuwa mkuu wa Sharanpur, alikuja kuanzisha kijiji Kisauni, bara mkabala na kisiwa cha Mombasa. Kijiji kikaitwa Frere Town, kwa heshima ya Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza katika shauri la ule mkataba. Mwaka 1875 manowari zilishusha hapo watu zaidi ya 200: Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, wengi wao wadhaifu na wasioelewana lugha. Waliowapokea na kuwafundisha walikuwa wale wa India, ambao sasa walikuwa wamefika wapatao 150. Ndio waliokuwa wahunzi, maseremala, walimu wa watoto na wasomaji wa Neno. Shuleni kwao Nasik ndiko alikotoka pia Jacob Wainwright, aliyesoma ibada ya mazishi Chitambo mwaka 1873 na kuusindikiza mwili wa Livingstone hadi London. Mwenzake katika msafara huo, Matthew Wellington, aliishi Mombasa hadi alipofariki mwaka 1935.

Maisha ya Frere Town hayakuwa mepesi, na si haki kuyapamba. Kila familia ilipewa kipande cha shamba, na saa za kazi na za sala zikapangwa na wakubwa wa misheni. Mwaka 1881, adhabu za viboko alizotoa msimamizi wa kijiji, Streeter, zilifika masikioni mwa Balozi John Kirk wa Zanzibar, ikawa kashfa, na msimamizi akaondolewa. Watu waliotoka mikononi mwa bwana mmoja walikuwa wamewekwa chini ya mwingine aliyeshika Biblia. Hata hivyo hawakuliacha kanisa. Naamini sababu ni kwamba lilikwisha kuwa lao: waliooa walioana humo, waliokufa walizikwa na wenzao, na mtoto yatima alikuwa na godoro nyumbani kwa jirani.

Tatizo kubwa zaidi lilikuja kwa miguu. Mtumwa wa shambani aliposikia kwamba kuna kijiji cha watu kama yeye ambao hawauzwi, alitoroka usiku akaelekea huko. CMS iliagiza watoro wasipokewe, kwa kuwa wenye mashamba wa Mombasa walikuwa na silaha, na sheria ilikuwa upande wao. Mwaka 1880 walitishia kuivamia Frere Town yenyewe. Kengele ya kijiji, ile iliyopaacha mahali pale na jina la Kengeleni, iliwekwa pia ili kuwaonya wakazi hatari inapokaribia.

Wengine hawakusubiri ruhusa ya misheni. Abe Ngoa aliongoza kundi la waamini na watoro hadi Fuladoyo, upande wa Wagiriama, wakajenga makao yao, wakalima, na kila jioni wakakusanyika kwa sala pasipo mmisionari hata mmoja. Mwaka 1883 David Koi, mmoja wa viongozi wa Wakristo wale, alikamatwa na watu wa pwani waliokuwa wakiwinda watoro, wakamuua. Wanaomhesabu kuwa shahidi wa kwanza wa Kanisa la Kianglikana nchini Kenya wana haki kabisa. Kosa lake lilikuwa kukaa na watu ambao sheria iliwataka warudishwe.

Njaa kubwa ya 1884 iliwasukuma wengine zaidi kuelekea Rabai, ambako William Jones alikuwa na dhamana ya kila siku. Agizo la CMS alilijua. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ametolewa jahazini akiwa mtoto, na aliyesimama mlangoni pake alikuwa mtu asiye na manowari ya kumwokoa. Watoro waliingia, wakapewa mahali pa kujenga, wakaketi kwenye mafundisho pamoja na Warabai wenyeji. Idadi ilipanda mpaka hapakuwa na njia ya kuificha.

Katikati ya hayo, Askofu James Hannington alifika. Mwaka 1885 aliwatia mikono Jones na Semler kuwa mashemasi, na mwezi wa Julai akaondoka Rabai na Jones kuelekea Uganda wakiwa na wapagazi wapatao 200. Kwa Sundu, palipo Mumias sasa, askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akaendelea na watu 50. Tarehe 29 Oktoba aliuawa Busoga pamoja na karibu wote aliofuatana nao. Watu wanne tu walirudi na habari. Jones alingoja, akahakikisha, kisha akawarudisha waliobaki. Walipoingia Rabai mwezi wa Februari 1886 walitanguliwa na bendera ya buluu yenye neno moja kwa herufi nyeupe, Ikabodi, jina ambalo mkwe wa Eli alimpa mwanawe siku sanduku la Mungu lilipotekwa. Shemasi asiye na mwaka mmoja ndiye aliyekuwa amebeba msafara mzima mgongoni.

Alirudia kazi ileile. Mwaka 1887 kanisa la Mtakatifu Paulo lilijengwa Rabai, na waliolijaza walikuwa kwa sehemu kubwa watu ambao kwa hesabu ya sheria walikuwa mali iliyopotea.

Mwaka 1888 George Mackenzie alifika Mombasa kwa niaba ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, akakuta mji umechafuka kwa hasira. Wenye mashamba walidai watu wao, nao walikuwa vituoni mwa misheni wapatao 1,400, wengi wao Rabai. Kuwarudisha kungemwaga damu, na kuwanyima wenyewe haki yao ya kisheria kungeipokonya Kampuni marafiki siku ya kwanza. Akakubali kulipa fidia. Tarehe 1 Januari 1889, watoro walikusanyika Rabai, majina yakaitwa, na kila mmoja akapewa hati ya uhuru.

Wapo waliochukua hati wakaenda zao, kwani ndiyo maana ya uhuru. Waliobaki waliendelea kulima na kusali Rabai. Mwaka 1895 Jones na Semler wakapewa daraja la ukasisi, miaka kumi baada ya ushemasi. James Mbotela, wa kizazi kilichozaliwa na waliookolewa, aliandika habari za Frere Town katika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934. Anawashukuru Waingereza kwa moyo wote, na shukrani hiyo naiheshimu, ila natamani Fuladoyo ingepewa kurasa nyingi kama manowari.

Kutoka Frere Town na Rabai walimu walitumwa Taita, Taveta na kwa Wagiriama, mara nyingi mtu na mkewe, kwa mshahara mdogo. Shule ya kuwaandaa wahudumu iliyofunguliwa Frere Town mwaka 1903 ilihamishiwa Limuru mwaka 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo.