Jike Akiwa Kwenye Joto, Nani Atoke Ulingoni?

Wadau, leo tuongee maonyesho ya mbwa. Najua mtaani kwetu mbwa kazi yake ni kubwekea wezi usiku. Lakini kuna watu huosha mbwa, wakamchana manyoya, wakampeleka mbele ya jaji ashindanie utepe. Na huko kuna swali limesumbua watu tangu kitambo: mbwa jike akiingia kwenye joto siku ya shoo, aje ama abaki nyumbani?

Usicheke. Mbwa jike huingia kwenye joto karibu mara mbili kwa mwaka, na kila mara ni kama wiki tatu. Shoo nayo unajiandikisha na kulipa mapema. Sasa siku ifike, jike wako anatoa ile harufu. Dume wa jirani anaacha kula, analia, anakataa kusimama vizuri mbele ya jaji. Mwenye dume pia amelipa, na ametoka mbali. Nani ana makosa hapo?

Turudi nyuma. Shoo ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza ilifanyika Newcastle, Uingereza, mwaka 1859, na ilikuwa ya mbwa wa kuwinda tu. Mwaka 1873 Kennel Club ikaundwa kuweka sheria, na 1891 Charles Cruft akaanzisha Crufts kule London. Shoo nyingi za enzi hizo zilikuwa za mabenchi: kila mbwa anafungwa mahali pake siku nzima ndio watu wapite wakimwona. Crufts bado wana hayo mabenchi. Hebu fikiria jike mwenye joto amekaa hapo saa nane, na madume wako karibu.

Ungedhani wangempiga marufuku. Wapi! Kwa shoo za urembo wa mbwa, Uingereza na Marekani, jike kwenye joto anaruhusiwa kuingia. Sababu ni rahisi: hizi shoo zilianzishwa kuchagua mbwa wa kuzalisha. Kumfukuza jike kwa sababu ya joto ni kama kufungua duka la mbegu halafu ukatae mbegu zinazoota.

Kwa hivyo wakatumia mpangilio na heshima. Madume huhukumiwa kwanza, majike baadaye, halafu washindi wa pande zote mbili wanakutana mwisho. Mwenye jike anatarajiwa amweke mbali na madume, asimzungushe karibu na ulingo kabla ya zamu yake, asimwache akojoe pale wote wanapopitia, amvalishe nepi na kuitoa kabla ya kuingia. Wakipanga mstari, anamwambia mwenzake aliye nyuma, "wangu ana joto," ndio huyo mwingine aache nafasi. Mwenye dume naye ana kazi yake: amfunze mbwa wake kutulia, na asipige kelele ati ameibiwa ushindi.

Lakini hapa ndipo inachekesha. Mwaka 1936 Marekani walianza rasmi mashindano ya utiifu, ya kuangalia kama mbwa anasikia amri. Huko, kwa miaka mingi, jike kwenye joto amekuwa akikatazwa kabisa. Kumbe jike yule yule, kwa ulingo mmoja ni malkia, ulingo wa pili ni usumbufu. Mashindano yanayopima utiifu ndiyo yaliamua dume hawezi kutii!

Mimi naona wale wa FCI walipata njia nzuri zaidi. Kwenye mashindano yao ya dunia ya kuruka vizuizi, jike mwenye joto anatengwa na wenzake, halafu anakimbia wa mwisho. Hakuna aliyefukuzwa, na hakuna dume aliyechanganyikiwa. Ni swala la ratiba tu.

Na sasa ile sehemu ilinishika. Florence Nagle alikuwa mfugaji mkubwa wa mbwa Uingereza. Mwaka 1960 mbwa kutoka kwa ufugaji wake, Sulhamstead Merman, alishinda Crufts yote. Mwaka 1966 huyo mama alishinda kesi dhidi ya Jockey Club, iliyokuwa inanyima wanawake leseni ya kufunza farasi. Lakini Kennel Club yenyewe? Uanachama kamili ulikuwa wa wanaume. Wanawake walikuwa na tawi lao la pembeni. Nagle akawabana, na ni 1979 ndipo wanawake wakaingia kama wanachama.

Ebu soma tena hapo. Jike wa mbwa alikuwa na nafasi ulingoni, hata akiwa kwenye joto. Mwenye kumfuga hakuwa na nafasi mezani.

Hata shoo za East Africa Kennel Club hapa Nairobi zina mizizi kwa desturi hiyo ya Waingereza, kwa hivyo hii si hadithi ya mbali sana. Maoni yangu ni haya: kabla umwambie mtu atoke kwa sababu ya vile mwili wake uko, jiulize kwanza kama umejaribu kubadilisha ratiba. Mara nyingi kufukuza ni uvivu wa kupanga.

Na wewe mwenye dume, funza mbwa wako.