Taarab Ilivyovuka Maji

Ukitaja muziki wa klasiki, fikira za wengi huenda Vienna, kwa Mozart na Beethoven, kwenye ukumbi ambamo hata kukohoa ni aibu. Pwani yetu nayo ina wake. Taarab ina kanuni za mizani na vina, ina ufundi wa ala unaohitaji mwalimu na miaka ya subira, na umri wake si haba. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze kupiga ala ya nyuzi iitwayo kanuni. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905. Na mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Hayo yanajulikana. Lisiloelezwa sana ni vipi muziki uliolelewa kwenye baraza la Sultani ulikuja kukaa Mtopanga, Mtongwe na Chaani, mitaa ya Mombasa iliyo bara, ng'ambo ya kisiwa, isiyowahi kuwa na kasri wala ukumbi wa tamasha. Jibu la haraka ni kwamba watu wanaupenda kwa utamu wake. Mimi nashikilia kwamba utamu peke yake haungevuka maji. Taarab ilivuka kwa sababu ilikuwa na kazi ya kufanya.

Kazi yenyewe ni ya maneno, na maneno hayo yana ukoo mrefu kuliko udi. Mshairi Muyaka bin Haji, aliyeishi Mvita, yaani Mombasa, kati ya 1776 na 1840, ndiye anayetajwa na wahakiki kuwa alilitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni: akalitumia kwa siasa za Mazrui waliotawala mji, kwa mapenzi, kwa njaa, kwa masengenyo ya mtaani. Waimbaji wa Mombasa walirithi chombo kilichokwisha kunolewa. Tazama mshororo mmoja unavyofanya kazi ukumbini. Una mizani kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao. Mwimbaji anafika mwisho wa ukwapi, anatulia, ala zinamjibu, anaurudia ukwapi ule ule, na kina cha kati sasa kimekaa masikioni mwa kila mtu. Kisha anauachia utao. Katika ile nafasi ndogo ya kungoja, mama aliyeketi mkekani ameshajua maneno yanaelekea kwa nani. Anainuka, anapita mbele ya wenzake polepole makusudi, anamtunza mwimbaji noti, anarudi kukaa. Hakutamka neno, na ujumbe umefika. Siku ya pili wimbo ule ule utaimbwa mtaa wa Bakarani na kumchoma mtu mwingine kabisa. Fumbo lililofungwa kwa vina halichakai kwa sababu halina jina la mtu ndani yake.

Hapa ndipo bara inapoingia katika historia hii. Daraja la kwanza la Nyali, lile la kuelea, lilifunguliwa 1931. Feri ya Likoni ilianza kazi 1937. Daraja la Nyali la sasa likaja 1980. Kila njia ilipofunguka, watu walihamia ng'ambo kufuata viwanja na kodi nafuu, na Changamwe ikawavuta wengine kwa reli, kisha kwa kiwanda cha kusafisha mafuta. Waliohama hawakuhama na ukumbi. Walihama na harusi. Na huko walikowasili hapakuwa patupu: Likoni ni nchi ya Wadigo, na Kisauni na Changamwe zinapakana na Wamijikenda wengine ambao ngoma zao zilikuwapo kabla ya daraja lolote. Muziki wa maneno ulipokutana na miili iliyozoea ngoma, haungeweza kubaki wa kukaa na kutikisa kichwa tu. Sikiliza rekodi za Maulidi Juma au za Zuhura Swaleh aliyejulikana kwa ala ya tashkota: chini ya shairi mnapita mdundo wa chakacha, ngoma ya wanawake ya harusini. Wapo wanaoona huko ni kushusha hadhi. Kwangu mimi hiyo ndiyo hati ya uraia, maana wimbo usiochezeka usingepata mlango kwenye kesha la bibi harusi.

Kwamba kuhifadhiwa na kazi si jambo la taarab peke yake, ushahidi upo Kisauni kwenyewe. Frere Town ilianzishwa miaka ya 1870 na wamisionari wa Kianglikana wa CMS ili kuwaweka watumwa waliokombolewa, na kengele yake ndiyo iliyopapa mahali hapo jina la Kengeleni, jina ambalo leo makanga wanalipigia kelele bila kufikiria. Pamoja na kengele zilikuja tenzi za Ulaya, na zimekaa, kwa kuwa kila Jumapili na kila maziko zinahitajika. Sengenya ya Wadigo, kwa nzumari yake na ngoma zake za sauti mbalimbali, nayo ina kanuni ngumu na imeishi kwa sherehe, si kwa mapenzi ya watalii.

Pingamizi lenye uzito ni hili: huwezi kuita klasiki muziki unaoazima ovyo. Mwimbaji Juma Bhalo, aliyefariki 2014, alichukua waziwazi tuni za filamu za Kihindi. Ni kweli, na hakuficha. Lakini angalia alichokipandisha juu ya tuni hizo: mashairi ya Ahmad Nassir, yule mwandishi wa Malenga wa Mvita, yaliyotungwa kwa masharti yasiyolegea. Tuni ya Bombay ilibidi ijipinde ikae kwenye mizani ya Kimvita. Na kama kuazima ni kosa, tuanze na Barghash na kanuni yake ya Cairo. Pingamizi la kidini, kwamba ala za nyuzi ni pumbao, ni la zamani na litaendelea. Ila waliozikataa ala hawakukataa shairi, maana kasida zinaimbwa kwa dufu katika maulidi mtaa kwa mtaa.

Lipo pingamizi jingine ambalo siwezi kulipangua kabisa. Ikiwa ni kweli ninalodai, kwamba kazi ndiyo iliyouhifadhi muziki huu, basi kazi ikipata mtendaji wa bei nafuu, ufundi utakwenda. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefanya Mombasa kuwa mji wa udi, alifariki 2016, na waliobaki wenye mkono wa namna yake ni wa kuhesabika. Maneno hayako hatarini: hata taarab ya kisasa kutoka Tanzania, inayozomewa na wazee, bado inasimama juu ya mafumbo, na vijana wa Likoni wanayaweka mafumbo hayo kwenye simu kumjibu mtu. Kilicho hatarini ni vidole. Kinanda kimoja cha umeme kinatoa sauti ya udi, ya fidla na ya nai, mpigaji wake anapanda tuktuk moja na spika zake mbili, na mwenye harusi analipa mtu mmoja badala ya saba.