Wharfedale: Spika Zilizozaliwa Chini ya Nyumba

Gilbert Briggs hakuwa mhandisi. Alikuwa mtu wa biashara ya nguo huko Bradford, kaskazini mwa Uingereza, na umri wake ulikuwa umeshapita miaka 40 mdororo wa uchumi ulipoikumba biashara hiyo. Alichobaki nacho ni mapenzi makubwa ya piano, sikio lisiloridhika upesi, na chumba cha chini ya nyumba yake mjini Ilkley. Humo ndimo alimounda spika yake ya kwanza mwaka 1932. Ilkley imo katika bonde la mto Wharfe, liitwalo Wharfedale, na jina hilo akaipa kampuni yake.

Mkewe alikuwa msaidizi wake wa kwanza. Sisi wapenzi wa Wharfedale hatuchoki kusimulia habari za mashindano ya Chama cha Redio cha Bradford: Briggs, mgeni kabisa katika kazi hiyo, alipeleka spika zake, zikanyakua tuzo ya kwanza na ya pili. Wakubwa wa fani walibaki kutazamana, nadhani. Maagizo yakaanza kuingia, chumba cha chini hakikutosha tena, kazi ikahamia Bradford.

Mwaka 1945 alitoa spika ya njia mbili: koni moja kwa sauti nzito, nyingine kwa sauti nyembamba, na sakiti ya kuzigawia kila moja fungu lake. Spika nyingi za sebuleni leo zimejengwa kwa mpango huohuo. Miaka mitatu baadaye akaandika kitabu kuhusu spika, kampuni yenyewe ikakichapisha. Kilijaa maarifa na utani, na mtu asiyejua hesabu za umeme aliweza kukisoma hadi mwisho. Kikachapwa tena na tena.

Lakini siku ya kujivunia kuliko zote ni ile ya mwaka 1954 katika ukumbi wa Royal Festival Hall, London. Briggs alishirikiana na rafiki yake Peter Walker, mwanzilishi wa kampuni ya Quad, aliyeleta amplifaya zake. Wanamuziki walipiga jukwaani, kisha rekodi ikapigwa kupitia spika, watu wakaachiwa masikio yao yaamue. Hebu fikiria ujasiri huo! Ukumbi wa watu karibu 3,000 ulijaa, kwa spika za nyumbani. Mwaka uliofuata wakavuka bahari hadi Carnegie Hall, New York.

Briggs alichukia mtikisiko wa kabati, kwa kuwa mbao ikitikisika nayo huimba wimbo wake. Dawa yake ilikuwa kujaza mchanga mkavu kati ya mbao mbili. Wabebaji wa spika hizo walikuwa na maoni yao, ila sauti ilitulia.

Mwaka 1958 kampuni iliingia katika himaya ya kampuni ya Rank, Briggs akaendelea kuiongoza hadi alipostaafu mwaka 1965. Raymond Cooke, mhandisi hodari aliyekuwa chini yake, aliondoka akaanzisha kampuni ya spika ya KEF mwaka 1961. Sina neno baya juu yake, kwani alikofundwa kunajulikana. Mzee Briggs alifariki mwaka 1978.

Yaliyofuata nayataja kwa haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaja Diamond, spika ndogo ya bei nafuu iliyoingia nyumba ambazo Briggs asingezifikia kwa makabati yake ya mchanga. Miaka ya 1990 ilikuwa na machungu yake. Mwaka 1997 kampuni ya IAG ilizichukua Wharfedale na Quad kwa pamoja, hata kampuni za marafiki wawili wa Festival Hall zikajikuta chini ya paa moja. Uzalishaji ukahamia China, usanifu ukaendelea Uingereza. Kulikuwa pia na kipindi ambacho jina letu lilibandikwa kwenye televisheni na mashine za DVD, hayo tuyapite.

Spika ya Denton ya kuadhimisha miaka 80 ya kampuni ilitoka mwaka 2012. Ya miaka 85, mwaka 2017. Spika ya zamani, Linton, ikafufuliwa kwa umbo lake la zamani, ikiwa na stendi zenye nafasi ya kupangia santuri. Diamond 12, mwaka 2020. Dovedale ya miaka 90, mwaka 2022, nzito kweli, ingawa haina mchanga.