Kodi ya Mshahara: Stakabadhi Iko kwa Nani?

Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba. Chini ya Waingereza, aliyelipa kodi ya kichwa alipewa stakabadhi. Mkazi wa Dar es Salaam aliyeshindwa kuionyesha aliweza kukamatwa.

Leo kodi ya mfanyakazi wa Buguruni hukatwa na mwajiri kabla mshahara haujamfikia. Kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, mwajiri anapaswa kuwa ameiwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato, iliyoanza kazi Julai 1996. Ritani sasa hupelekwa kwa mtandao, bila foleni. Lakini uthibitisho wa malipo hubaki kwa mwajiri. Babu alijua kwamba amelipa. Mjukuu anajua tu kwamba amekatwa. Mtandao huohuo umrudishie stakabadhi yake.